Jinsi ya kushangilia La Redoute, hadi mtu wa mwisho apite

Nimezaliwa Bukavu, Kadutu, na nimekua nikiona vijana wakisukuma baiskeli zenye mizigo mlimani, jasho likiwadondoka kidevuni. Miaka kumi na miwili sasa naishi Liège, Ubelgiji. Kila mwaka, Jumapili ya mbio za baiskeli za Liège–Bastogne–Liège mwishoni mwa Aprili, naomba ruhusa kazini mapema na kwenda kusimama kwenye mlima wa La Redoute. Ndugu wanaokuja kutoka Brussels au Ufaransa huniuliza tusimame wapi na tufanye nini. Basi haya ndiyo ninayowaambia.

Acheni gari nyumbani. Siku hiyo barabara za huko hufungwa, na mtaishia kukaa kwenye foleni mkisikia helikopta juu ya mashindano ya wenzenu. Pandeni treni stesheni ya Guillemins hapa Liège, shukeni Aywaille, kisha mwende kwa miguu hadi Remouchamps, kijiji kilicho chini ya mlima. Watu ni wengi njiani, hamtapotea. Wanaume hupita La Redoute mara moja tu, wakiwa wameshakula zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo ukichelewa umekosa. Waendeshaji wanawake huanzia Bastogne na hupanda mlima huohuo siku hiyohiyo. Tazama saa zao kabla hujatoka nyumbani, na usiwakose. Ukiwakosa hao umekosa nusu ya utamu.

Nguo. Aprili ya huku kwenye milima ya Ardennes haina adabu. Mwaka 1980 theluji iliwaangukia waendeshaji tangu asubuhi, wakamaliza watu 21 tu. Bernard Hinault alishinda kwa zaidi ya dakika tisa, na baridi ile ikamwachia vidole viwili visivyo na uzima kamili hadi leo. Wewe utasimama kwa muda wa saa nne bila kukanyaga chochote. Vaa soksi mbili, beba koti la mvua na chai ya tangawizi kwenye chupa ya moto. Mwavuli usiulete: unawaziba walio nyuma yako, na upepo ukiubeba utaangukia barabarani.

Sasa mahali pa kusimama. Wengi hujazana chini, karibu na nyumba, penye bia na muziki. Mimi sipapendi, kwa sababu pale bado wanapita kwa kasi na utaona rangi tu. Endelea kupanda. Barabara hupita chini ya ile kubwa ya E25, kisha hupanda ikiwa kandokando yake, na kadiri unavyosogea juu ndivyo inavyozidi kusimama, hadi mahali mwinuko wake hukaribia asilimia 20. Kwenye lami utaona jina PHIL limeandikwa tena na tena. Ni Philippe Gilbert, mtoto wa hapohapo Remouchamps, aliyeshinda mwaka 2011. Hapo juu ndipo mwendo hupungua hadi unaona uso wa mtu, mdomo wazi, chumvi ya jasho shavuni. Simama kwenye majani, si kwenye lami.

Hili la lami nalisema kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili nilikuja na bendera kwenye fimbo ndefu. Nilipoona kundi linakuja nilipagawa, nikaiinua juu ya barabara, na kitambaa kikampiga mwendeshaji mmoja begani. Aliyumba. Hakuanguka, lakini nililiona jicho lake, na usiku ule sikulala. Tangu siku hiyo bendera yangu naishika kwa mikono miwili kifuani, haina fimbo. Usikimbie pembeni mwao. Usimsukume mtu mgongoni ukidhani unamsaidia, kwani anaweza kuadhibiwa yeye kwa huruma yako. Usiwape kisogo ili ujipige picha. Mtoto mshike mkono, na mbwa abaki nyumbani.

Kushangilia kwenyewe kuna maandalizi. Usiku uliotangulia tafuta orodha ya washiriki na namba zao, uiandike kwenye karatasi. Chagua kumi au kumi na tano, hasa wale wasioimbwa na mtu. Namba iko mgongoni, kwa hiyo mwambie mwenzako asimame hatua kadhaa juu yako: wewe ukiisoma namba mwendeshaji anapokupita, umrushie mwenzako jina alipokee. Bingwa huitwa na mlima mzima. Lakini kijana wa mwaka wake wa kwanza, anayepanda peke yake huku kundi limeshamwacha, akisikia jina lake hapo, kichwa huinuka. Nimeliona mara nyingi, na kwa sababu hiyo tu ningerudi kila mwaka.

Na kina mama, tusione haya: vigelegele! Kengele na honi wamezizoea. Kigelegele cha nyumbani kikipasua hewa pale juu, hata polisi wa pikipiki hugeuka.

Sasa jambo linaloniuma. Mwaka 2024, na tena 2025, Tadej Pogačar, bingwa kutoka Slovenia, alichomoka papo hapo La Redoute, ikiwa imebaki zaidi ya kilomita 30, na wenzake hawakumshika tena. Karibu nami watu walipumua kwa nguvu, wakasema kwa Kifaransa kwamba yamekwisha. Wengine walikunja viti vyao hapohapo. Ninawaelewa, maana wanataka kubahatisha nani atashinda hadi mtaa wa mwisho. Lakini mwaka 2025, walipokuwa wanakunja viti, Remco Evenepoel, Mbelgiji aliyeshinda 2022 na 2023, alikuwa anapita akiwa ameachwa, na wachache sana walimtazama. Hapo ndipo mtu anahitaji sauti yako. Usiondoke.

Tena ni siku hiyohiyo ya 2025 ambapo Kim Le Court wa Mauritius alishinda mbio za wanawake, akiwapita Puck Pieterse na Demi Vollering katika mita za mwisho pale Quai des Ardennes. Mwafrika wa kwanza, mwanamke kwa mwanamume, kushinda mojawapo ya zile mbio tano kubwa za siku moja ziitwazo Monuments. Nilikuwa nimeimba jina lake mlimani hadi koo likakauka. Habari ilipoingia kwenye simu nililia mbele ya watu nisiowajua, na mzee mmoja wa Kibelgiji akanipa kitambaa chake bila kuuliza kitu.

Kwa hiyo kaa. Baada ya kundi kubwa huja vikundi vya watano, vya watatu, kisha mmoja mmoja, na kati yao magari ya timu. Mwisho kabisa huja gari ambalo watu wa huku huliita ufagio, linalowaokota waliochoka. Mara nyingi mbele yake kuna mtu mmoja bado anakanyaga, magoti yamefunguka, anapinda kushoto na kulia kuukata mlima. Huyo hana haja ya kujua lugha yako. Mimi humwambia kwa Kiswahili: "Kaza, baba, kaza! Kileleni ni hapo tu!" Mmoja aliwahi kuinua vidole viwili kutoka kwenye usukani kunijibu.

Gari likishapita, okota vikombe vilivyo karibu nawe, hata visivyo vyako, ndipo ushuke. Treni ya kwanza hujaa sana. Subiri ya pili, umalizie chai.