Kuzunguka kuta za Dubrovnik: anzia lango la mashariki

Makosa ya safari hii huanza kwenye viza. Dubrovnik ni mji wa Kroatia, nayo Kroatia iliingia eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) tarehe 1 Januari 2023, hivyo mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen. Ukija kwa basi kutoka Split, mji mwingine wa pwani ya Kroatia, uliza linapita wapi kabla ya kukata tiketi. Barabara ya zamani ya pwani hupita Neum, kipande kidogo cha pwani kilicho mali ya Bosnia na Herzegovina. Ukivuka pale umetoka Schengen, na kama viza yako ni ya kuingia mara moja, imekwisha kazi hapo hapo. Daraja la Pelješac, lililofunguliwa Julai 2022, linaikwepa Neum, kwa hiyo tafuta basi linalopita darajani. Hali ni hiyo hiyo kwa matembezi ya siku moja kwenda Kotor, mji wa Montenegro: nchi hiyo haimo Schengen.

Sasa kuta zenyewe. Urefu wake ni mita 1,940, na pale zilipo juu zaidi zinafika mita 25. Mzunguko ni wa upande mmoja tu, kinyume cha mshale wa saa, na huchukua kama saa mbili. Wageni wengi huanzia lango la Pile, magharibi, kwa sababu mabasi yanashusha hapo. Usiwafuate. Vuka mji kwa barabara ya Stradun mpaka upande wa mashariki, upandie kwenye mlango ulio karibu na lango la Ploče. Foleni yake ni fupi, lakini faida kubwa ni ya miguu: mwinuko mkali, ule wa kupanda hadi mnara wa Minčeta, unaumaliza mwanzoni ukiwa na nguvu na jua likiwa bado chini. Aliyeanzia Pile huufikia mwinuko huo mwishoni, amechoka, na jua la utosi.

Majira ya joto kuta hufunguliwa saa mbili asubuhi. Uwe mlangoni saa hiyo, kabla abiria wa meli za kitalii hawajapanda kutoka bandari ya Gruž. Juu karibu hakuna kivuli: vaa kofia na beba lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu. Chupa ijaze bure kwenye chemchemi kubwa ya Onofrio, ndani ya lango la Pile. Maji yake ni ya kunywa. Viatu viwe na soli inayoshika, maana mawe ya Stradun yamelainishwa na karne za nyayo na yakilowa yanateleza vibaya. Usitembee mjini kifua wazi au na nguo za kuogelea; utatozwa faini.

Ukifika Minčeta, simama utazame mapaa. Vigae vyekundu vinavyong'aa ni vipya, vilivyowekwa baada ya mji kupigwa mizinga mwaka 1991 na 1992. Vilivyopauka ndivyo vya zamani. Ukishajua hilo, unausoma uharibifu wote kwa macho, nyumba kwa nyumba.

Kuhusu bei: majira ya joto ya 2025 tiketi ya kuta ilikuwa karibu euro 40. Linganisha kwanza na kadi ya wageni iitwayo Dubrovnik Pass, ya siku moja, ambayo bei yake imekuwa karibu sawa na inakupa pia makumbusho na mabasi ya mji.

Ukishuka usiitupe tiketi. Ndiyo inayokuingiza ngome ya Lovrijenac, juu ya mwamba wa mita 37 nje ya Pile. Angalia unene wa kuta zake: upande wa adui hufika mita 12, upande unaotazama mji ni sentimita 60 tu. Walijenga hivyo ili kamanda akiasi, mizinga ya mji iweze kuubomoa ukuta wake.