Kuhosti tovuti kubwa ukiwa Arusha au Moshi: fedha inakwenda wapi

Tovuti nyingi kubwa za huku kaskazini ni za safari na za kupanda Kilimanjaro. Zina kurasa mia kadhaa, picha maelfu, na wageni ambao wengi wako Marekani, Ujerumani na Uingereza. Ukiulizia bei ya kuhosti tovuti ya namna hiyo utatajiwa bei ya seva, na hiyo ndiyo sehemu ndogo. Kinachokausha mfuko ni data inayotoka kwenda kwa wasomaji, na karibu yote ni picha.

Fanya hesabu hii kabla hujafungua akaunti popote. Chukua ziara za mwezi mmoja kwenye tovuti yako, zidisha kwa kurasa anazofungua kila mgeni, zidisha tena kwa uzito wa ukurasa. Ziara 150,000, kurasa 4 kwa ziara, megabaiti 3 kwa ukurasa: jumla ni gigabaiti 1,800. Kwenye vituo vya AWS (huduma ya seva za kukodi ya Amazon) vya Marekani na Ulaya, gigabaiti 100 za mwanzo za mwezi ni bure, zinazofuata ni kama dola 0.09 kila moja. Hapo ni dola 153. Tukichukulia dola kwa shilingi 2,600, ni karibu shilingi 398,000 kila mwezi, na seva yenyewe hujailipia. Kituo chao cha Cape Town, kilicho karibu nasi zaidi, kinatoza data hiyo zaidi ya mara moja na nusu ya bei ya Ulaya. DigitalOcean, muuzaji mwingine wa seva, wanapanga vingine: seva ya dola 12 yenye RAM ya gigabaiti 2 huja na gigabaiti 2,000 za kutoka, na ya ziada ni dola 0.01. Kazi ni ile ile lakini bili hazifanani hata kidogo. Bei hizi hubadilika, basi zikague siku ya kulipa. Muulize kila muuzaji mambo mawili: gigabaiti ngapi za kutoka zimo ndani ya bei, na kila inayozidi ni kiasi gani. Ukiambiwa "bila kikomo", soma masharti. Kikomo kipo, ila kimewekwa kwenye prosesa au kwenye idadi ya mafaili.

Kisha punguza picha. Picha ya tembo wa Tarangire ikitoka kwenye kamera ya megapikseli 24 ina megabaiti 6 hadi 12, na wengi huipandisha hivyo hivyo. Upana wa pikseli 1,600 unatosha kabisa kwa ukurasa. Programu ya cwebp huipunguza na kuigeuza kuwa WebP, aina ya picha nyepesi, kwa amri hii:

cwebp -q 75 -resize 1600 0 tembo.jpg -o tembo.webp

Mara nyingi utapata faili la kilobaiti 150 hadi 300, ingawa picha yenye majani mengi hubaki nzito kuliko yenye anga tupu. Picha za chini ya ukurasa ziwekee loading="lazy" kwenye HTML ili zisishuke kabla msomaji hajazifikia. Ukurasa ukishuka hadi megabaiti 0.7, zile gigabaiti 1,800 zinakuwa 420, na bili ya dola 153 inakuwa chini ya dola 30. Hakuna hatua nyingine kwenye mwongozo huu yenye faida kubwa kama hii, na haikugharimu chochote zaidi ya jioni moja.

Seva iwe wapi? Iwe karibu na msomaji, hata kama ni mbali na ofisi yako. Mwanga ndani ya faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za kebo zinaongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi, na ukurasa mmoja huhitaji safari kadhaa za namna hiyo. Wageni wako wakiwa Wajerumani, weka seva Ujerumani. Wasomaji wakiwa Tanzania, kama ilivyo kwa tovuti ya habari au ya shule, tafuta seva Dar es Salaam au Nairobi, au weka CDN, yaani mtandao wa seva za miji mingi zinazotunza nakala za picha na kurasa zako, mbele ya seva ya Ulaya. Cloudflare, kwa mfano, wana mpango wa bure, na wana vituo Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Picha inayotolewa na CDN haihesabiwi kwenye data ya seva yako, kwa hiyo bili inashuka tena.

Wazo la kuweka kompyuta ofisini Njiro au Moshi mjini na kuifanya seva huja kwa wengi, na kwa tovuti kubwa halifai. Mashine ya wati 150 ikiwaka mwezi mzima inakula uniti 108 za umeme. Kwa bei ya kama shilingi 356 kwa uniti ni zaidi ya shilingi 38,000, juu ya bei ya ile seva ya dola 12. UPS ndogo inakupa dakika chache tu umeme ukikatika. Laini nyingi za intaneti za nyumbani na za simu hazina anwani ya IP ya umma, kwa hiyo mtu wa nje hawezi kukufikia bila kupitia mtu wa kati. Na kasi ya kupandisha data kwenye laini nyingi ni ndogo kuliko ile ya kushusha, wakati kazi nzima ya seva ni kupandisha.

Sasa RAM, maana hapa ndipo tovuti zilizojengwa kwa WordPress huangukia. Kila mchakato wa PHP, yaani nakala ya programu inayomjengea mgeni ukurasa, hula megabaiti 50 hadi 80, wakati mwingine zaidi kama plagini ni nyingi. Kwenye seva ya gigabaiti 2, toa kama megabaiti 400 za mfumo na 600 za MySQL, yaani hifadhidata. Inabaki takriban 1,000. Gawa kwa 65, unapata michakato 15. Namba hiyo ndiyo unayoandika kwenye pm.max_children, mpangilio wa PHP unaoweka kikomo cha michakato. Mtu akiandika 50 kwa kudhani anaongeza nguvu, siku wageni wakiongezeka RAM inakwisha, Linux inaua mchakato mkubwa kuliko yote, ambao kwa kawaida ni MySQL, na tovuti nzima inaonyesha kosa la kuunganisha hifadhidata. Ukiona hivyo, andika dmesg | grep -i oom kabla ya kununua seva kubwa zaidi.

Hata hiyo michakato 15 hutaihitaji ikiwa una kashe ya kurasa nzima, yaani nakala zilizokwisha kujengwa na kutunzwa. Ukurasa wa maelezo ya njia ya Machame haubadiliki kila dakika. Hakuna sababu PHP iujenge upya kwa kila mgeni. Prosesa mbili zikitumia sekunde 0.2 kwa ukurasa zinatoa kurasa 10 kwa sekunde, basi. Nginx, programu inayopokea maombi ya wageni, ikitoa nakala iliyokwisha kujengwa, seva hiyo hiyo inatoa mamia. Usiweke kwenye kashe fomu ya malipo wala kurasa za aliyeingia kwa nywila, la sivyo mteja mmoja ataona taarifa za mwingine.

Diski nayo hujaa kimya kimya, kwa logi na kwa nakala za akiba zilizoachwa kwenye seva ile ile. Angalia nafasi iliyobaki kwa amri ya df -h kila wiki, na df -i pia, kwa sababu mafaili madogo ya kashe yanaweza kumaliza nafasi za mafaili huku gigabaiti zikiwa bado zipo.

Nakala za akiba zisikae kwa muuzaji huyo huyo pekee. Usitegemee pia ile ya kwenye kompyuta ya ofisini: gigabaiti 40 kwa laini inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde ni karibu saa 9, tena mtandao usipokatika. Weka nakala ya pili kwa kampuni nyingine huko huko nje, ili kurudisha iwe ni kazi ya seva kwa seva, kwa programu ya kunakili ya rsync, ndani ya dakika. Na jaribu kuirudisha angalau mara moja.

Malipo nayo huzima tovuti kuliko watu wanavyofikiri. Wauzaji wa nje hukata dola kwenye kadi. Kadi ikiisha muda au salio likikosekana, seva inasimamishwa na baada ya siku kadhaa inafutwa. Weka salio la miezi miwili mbele pale wanaporuhusu, na ujumbe wa bili uende kwenye barua pepe isiyo kwenye domeni hiyo hiyo. Hesabu VAT ya 18% kwa wanaoitoza. Domeni ya .co.tz au .com isajiliwe kwa jina la kampuni yako, si la fundi aliyetengeneza tovuti. Cheti cha usalama (cha https) cha Let's Encrypt ni bure lakini kina siku 90 tu, kwa hiyo hakikisha kujihuisha kwake kunafanya kazi: certbot renew --dry-run.

Ukihama seva, fanya wakati wa masika, Aprili au Mei, wageni wa mlimani wakiwa wachache. Siku mbili kabla, shusha TTL ya DNS, yaani muda ambao mitandao hukumbuka anwani ya seva ya domeni yako, hadi sekunde 300. Hamisha, jaribu, badilisha anwani, na iache seva ya zamani ikiwaka wiki moja zaidi. Saa ya kuhamia isiwe usiku wa manane wa Arusha kwa mazoea: saa nane usiku hapa, New York ni jioni na watu wako mtandaoni. Kama wengi wa wageni wako ni Wamarekani, saa yako tulivu ni saa tano asubuhi.