Kabla Hujatoa Hela ya Altezza

Altezza yangu ya kwanza, gari dogo la Toyota, niliinunua kwa masikio. Dalali aliiwasha, akapiga resi mara mbili, ekzosi ikanguruma mtaa mzima, nami nikatoa hela. Nyuma ilibandikwa RS200. Wiki ya tatu fundi alifungua boneti, akasoma kibati cha namba ya chasisi, akacheka: "Mwalimu, hii GXE10."

Basi anzia kwenye kibati. Namba ya chasisi ikianza na SXE10, hiyo ndiyo RS200: injini ya 3S-GE, silinda nne, lita mbili, na yenye gia za mkono Toyota waliitangaza kwa nguvu za farasi 210. Ikianza na GXE10 ni AS200, silinda sita za 1G-FE, farasi 160. Maandishi ya nyuma hubandikwa na yeyote mwenye gundi. Usibabaishwe na "namba D" pia, yaani namba ya usajili yenye herufi zinazoanza na D, maana herufi hiyo inaonyesha tu gari liliandikishwa lini hapa Tanzania. Altezza zilitengenezwa 1998 hadi 2005, kwa hiyo hata ya mwisho kutoka kiwandani ni mzee.

Mtu wa mshahara kama mimi namshauri achukue GXE10, na najua vijana watanizomea. Haichomoki sana, lakini injini yake ni ya ukoo mmoja na Mark II GX110, hivyo spea unazipata Gerezani, Kariakoo, asubuhi na jioni umerudi barabarani. 3S-GE ni raha, ila utamu wake uko juu, kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika. Kwenye foleni za Dar hutauonja. Tena mkanda wake wa taiming ukikatika, vali zinagonga pistoni. Muuzaji akikosa risiti ya mkanda, hesabu kwamba haujabadilishwa, na gharama hiyo itoke kwenye bei.

Kuliona gari, nenda asubuhi mapema na umwambie muuzaji asiwashe mpaka ufike. Weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, ameshalipasha ili usione linavyoamka. Aga, rudi kesho. Likiwaka baridi, simama nyuma: moshi wa bluu ni oili inayoungua. Likishazimwa, fungua kifuniko cha oili, tazama kama kuna utando wa rangi ya maziwa, dalili ya maji kuingia kwenye oili.

Halafu lala chini. Ndiyo, tandika boksi ulale. Langu lilikuwa limeshushwa, springi zimekatwa kwa grainda, na sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ina kiraka cha kuchomelea ambacho ningekiona kwa dakika moja tu. Tazama na tairi za nyuma: zikiwa zimelika upande wa ndani, aidha bushi zimekwisha au gari limechezewa. Ukilijaribu, zima redio, lipitishe kwenye matuta, usikimbilie lami nzuri.

Kadi ya gari iwe na jina la anayekuuzia, na deni la faini za trafiki liangalie mtandaoni kwa namba ya gari. Hela nayo: ukishalipa bei yote, mfukoni ubaki na nyingine sawa na theluthi ya bei, kwa matengenezo. Huna? Basi gari hilo si lako bado.

Ile yangu niliiuza kwa kijana wa Tabata. Nilimwonyesha kibati kabla hajauliza. Akasema anajua, yeye anachotaka ni ule mlio.