Somo: Kutuma video kwa barua pepe bila mgeni kuona ukungu

Wakuu, hili ni la mnaouza safari hapa Arusha na kutuma vipande vya Tarangire au vya Mlima kwa wageni wa Ulaya na Marekani. Ofisini kwako video inang'aa, mgeni anajibu kaona picha iliyoganda. Msiilaumu kamera, kila programu ya barua pepe ina sheria zake. Apple Mail inaweza kuchezesha video ndani ya barua yenyewe. Gmail huifuta na kubakiza picha ya akiba, kama uliiweka. Outlook ya Windows, ile ya zamani (classic), ndiyo kichwa ngumu: tangu toleo la 2007 inapanga barua kwa injini ya Word, basi usitegemee sinema humo.

Hatua ya 1. Toa video kwa MP4 ya H.264, aina ya video inayofunguka karibu kila kifaa. iPhone na baadhi ya droni hurekodi kwa HEVC, aina mpya zaidi, na Windows isiyo na kodeki yake (programu ndogo ya kuisoma) hukataa kuifungua au hutoa sauti bila picha. Kwenye iPhone ingia Settings, Camera, Formats, chagua Most Compatible.

Hatua ya 2. Usiambatishe. Kikomo cha Gmail ni MB 25, na faili likifungwa ili lisafiri kwa barua pepe huvimba kwa theluthi hivi, kwa hiyo zaidi ya MB 18 unabahatisha. Watu wanabana video mpaka manyoya ya simba yanakuwa uji, halafu wanashangaa mgeni kahamia kampuni nyingine! Pandisha YouTube au Google Drive, tuma linki. Ila Drive huchukua muda kuandaa ubora wa juu. Anayewahi kufungua huona ukungu. Mimi hupandisha jioni, natuma asubuhi.

Hatua ya 3. Kata fremu moja nzuri (picha moja tulivu kutoka kwenye video), chora pembetatu ya kuchezesha katikati, ifunge kwa linki ya video. Hii inafanya kazi kila mahali. Ukipenda GIF (picha fupi inayocheza yenyewe), fremu ya kwanza ijitosheleze, maana Outlook za zamani huonyesha hiyo tu.

Hatua ya 4. Jitumie kwanza, ufungue kwenye simu na kwenye kompyuta.

MASWALI

— Mkuu, dereva kanirushia video WhatsApp. Niitumie hiyohiyo?
Hapana, hiyo imeshabanwa. Mwambie aitume upya kama dokumenti.

— Shikamoo mwalimu. iPhone yangu inaniletea Mail Drop, vipi?
Marahaba. Hiyo ni njia ya Apple ya kutuma faili kubwa kwa linki. Inabeba hadi GB 5, lakini linki hufa baada ya siku 30. Mgeni anayepanga kupanda Kili mwakani atakuta patupu.

— Kaka, mgeni kafungua Drive, anaambiwa aombe ruhusa.
Umeacha faili la kwako peke yako. Badilisha liwe la yeyote mwenye linki. Usitume barua nyingine, linki ileile itafunguka.