Nguo za mchana kwa safari ya meli wakati wa joto
Kwa safari ya meli ya siku 7, fungua ratiba kabla hujafungua kabati. Tenga siku za baharini na siku za kushuka bandarini. Fulana au blauzi 5 na suruali nyepesi au sketi 3 zinatosha, mradi kila ya juu iendane na kila ya chini.

Nguo za kuogelea ziwe 2. Bafu la chumba cha meli kwa kawaida ni dogo, na iliyofuliwa usiku asubuhi huenda bado ina unyevu. Usianike kwenye roshani; upepo wa bahari huibeba. Ongeza gauni jepesi la kujifunika, maana kumbi nyingi za chakula hazimpokei mtu aliyelowa.

Pasi kwa kawaida hairuhusiwi vyumbani kwa hofu ya moto, kwa hiyo kitani, pamoja na uzuri wake, kitakutia aibu kwa makunyanzi. Afadhali pamba iliyochanganywa na poliesta, iviringishwe badala ya kukunjwa. Sweta moja jembamba usiliache: viyoyozi vya ndani ni vikali.

Viatu: ndala zisizoteleza kwa sitaha, na raba ambazo mguu umeshazizoea kwa matembezi. Meli ikitia nanga Barbados, kisiwa cha Karibi, mavazi ya mabaka ya kijeshi ni marufuku, hata kwa watoto.

Siku ya kupanda, mabegi makubwa hupokelewa bandarini na yanaweza kufika chumbani jioni. Nguo ya kuogelea, kofia na dawa zikae kwenye begi la mkononi.