Dawa za Paka Mwenye Ugonjwa wa Moyo: Ninavyompa Chui

Chui ni paka wangu wa hapa Nyalenda, Kisumu. Msuli wa moyo wake umekuwa mnene mpaka damu inakosa nafasi ya kujaa. Hakuna kidonge cha kuurudisha ulivyokuwa. Dawa anazopewa hupunguza maji mapafuni na kuzuia damu isigande, na mambo hayo mawili ndiyo yanayoua.

Ya maji ni furosemidi. Kipimo chake hufuata uzito wa paka na hali yake, kwa hiyo mwachie daktari wa mifugo akipange, naye apime damu mara kwa mara kuangalia figo na madini ya potasiamu. Paka atakojoa sana. Usimnyime maji ya kunywa hata kidogo.

Klopidogreli, ile ya kuzuia damu isigande, ndiyo yenye kazi kumpa. Ni kidonge cha binadamu cha miligramu 75. Daktari kwa kawaida huandika robo, mara moja kwa siku. Ni kichungu ajabu! Ukimpa kikavu hivyo atatoa povu, na kesho akikuona tu anaingia chini ya kitanda. Itie robo ndani ya ganda tupu la kapsuli, ulipake siagi. Mpakate akiwa amekupa mgongo, inua kichwa, shusha taya kwa kidole, tumbukiza nyuma kabisa ya ulimi. Kisha mpe maji kidogo kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, maana dawa ikikwama njiani huchubua koo.

Baada ya hapo Chui hupata omena wasio na chumvi, pamoja na mchuzi wao, kwa sababu taurini, kirutubisho cha nyama na samaki ambacho moyo wa paka unakihitaji, huyeyukia majini. Majirani, paka wa ugali na maziwa peke yake anakosa taurini, na tangu 1987 inajulikana kwamba upungufu huo hutanua moyo wa paka. Huo ni ugonjwa mwingine, na chakula huweza kuuponya.

Usiku akilala fofofo, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Chini ya 30, mwache alale. Zikipita 40, au akihema mdomo wazi, mpigie daktari usiku huohuo. Vivyo hivyo miguu ya nyuma ikilegea na kuwa baridi huku akilia: damu imeganda. Wakati unangoja usimpe Panadol kutuliza maumivu. Kidonge kimoja chaweza kumuua.