Kuchapa mruko kwa akwatinta: somo kutoka kwa Goya

Mwaka 1816, akiwa na miaka 70, Francisco de Goya mchoraji wa Uhispania, alitoa chapa 33 za mchezo wa ng'ombe wa Uhispania, La Tauromaquia. Akwatinta ni njia ya kuchapa vivuli, si mistari tu, kutoka kwenye bamba la shaba lililoliwa na dawa. Ninayoanza nayo kila mara ni ya 20: Juanito Apiñani, katika uwanja wa Madrid, ameshika ufito mrefu kama upondo na kujirusha juu ya fahali. Sehemu kubwa ya picha ni tupu, na watazamaji wamesongamana upande mmoja. Utupu huo ndio unaomrusha.

Hatua ya 1. Chora kwa chaki nyekundu, kama Goya. Nasa ule wakati ambao mwili hauwezi kutulia: miguu imeachana na ufito, uzito wote uko mikononi. Ukiilaza miguu sambamba na ufito, mtu wako ataonekana amekwea mnazi.

Hatua ya 2. Paka bamba la shaba nta ya kuchorea. Lowesha karatasi, laza upande wenye chaki juu ya nta, pitisha kwenye mashine ya kuchapia. Mchoro utageuka, lakini ukija kuchapa utageuka tena na kurudi ulivyouchora. Fuata mistari kwa sindano, kisha zamisha bamba kwenye kloridi ya feri, dawa inayokula shaba pale sindano ilipoondoa nta. Litoe mapema, ziba mistari ya mtu kwa vanishi ili dawa isiifikie, ulirudishe. Mistari ya fahali iliwe zaidi, maana yeye ni mzito.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. Futa nta, nyunyiza unga laini wa rozini (utomvu mkavu wa msonobari), kisha pasha bamba kwa chini hadi chembe zing'ae kama umande. Vaa barakoa, na subiri vumbi litue kabla ya kuwasha moto, kwani likiwa hewani linaweza kulipuka. Ziba kwa vanishi panapotakiwa kubaki peupe, hasa mchanga uliomzunguka mrukaji. Ndipo uzamishe tena. Jaribu kwanza kwenye kipande kidogo: nusu dakika, dakika moja, mbili, nne. Wengi huogopa weusi na kulitoa bamba mapema mno.

Hatua ya 4. Pakaza wino, pangusa kwa kitambaa, chapa kwenye karatasi yenye unyevu.

Mtu akionekana anaelea badala ya kuruka, usimguse mwili. Nyunyiza rozini upya, ukolezee kivuli kilicho chini yake.